Fedha Wanaifuata Chini ya Bahari, Watu Wetu Je?

Pale Fort Jesus kuna mzinga mmoja mkuukuu wa chuma. Kama ulienda Mombasa na trip ya shule, pengine uliuegemea ukapigwa picha, mwalimu akapiga kelele ushuke, na hapo somo la historia likaisha. Mimi pia niliuegemea. Hakuna aliyeniambia kuwa ule mzinga ulitoka majini.

Ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Septemba 1914 iliizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza, pale Unguja, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya mto Rufiji. Julai 1915 Waingereza wakaipiga huko huko na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Sasa sikiza. Hawakuiacha iende na mizinga yake. Waliitoa yote kumi, wakaiweka magurudumu, na wapagazi Waafrika wakaikokota nchi kavu kwa miaka, porini, mlimani na kwenye matope. Mmoja ndio huo unaopigia selfi.

Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba kuibua vitu vya kijeshi kutoka majini ni jambo jipya ama ni la wazungu wenye roboti pekee. Huku kwetu limefanyika miaka zaidi ya mia. Pale Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha meli yao ya vita, Graf von Götzen, mwaka wa 1916 ili isishikwe. Waingereza wakaiibua 1924, wakaipaka rangi, wakaiita Liemba, na ikabeba abiria na magunia ya dagaa kwa miongo na miongo. Meli ya vita ikageuka kuwa mathree ya ziwani.

Swali langu leo ni moja. Serikali inapoamua kitu gani kitolewe chini ya maji na kipi kiachwe, inaangalia nini? Kwa sababu nimechimba hii story kwa wiki kadhaa na jibu ninaloliona halinifurahishi. Na kabla hujaniuliza, hapana, sina digrii ya historia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Haya nimeyasoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na bando za shilingi hamsini.

Wacha nikupe meli mbili. Zote ni za Bahari Hindi, zote ni za Vita vya Pili vya Dunia, na zote zina jina la Mombasa kwenye safari yao.

Ya kwanza inaitwa Tilawa. Ilikuwa meli ya abiria, ikitoka Bombay mwaka wa 1942 kuja Mombasa na kuendelea Maputo hadi Durban. Tarehe 23 Novemba nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ndani kulikuwa na watu 958, wakafa 280, wengi wao Wahindi waliokuwa wakija Afrika kazini ama kwa jamaa zao. Chini kwenye shehena kulikuwa na vipande 2,364 vya fedha, silva yenyewe, mali ya serikali ya Afrika Kusini ya kutengenezea sarafu. Mwaka wa 2017 kampuni moja ya Uingereza inayoitwa Argentum ilishusha mitambo kilomita mbili na nusu chini ya maji na kuitoa silva hiyo. Thamani yake ilikuwa dola milioni 40 na ushei. Kesi ikaanza. Mwezi Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa Afrika Kusini ina kinga, hiyo silva ilikuwa mali ya dola na haikuwa ya biashara, kwa hivyo kampuni isingeweza kuishtaki kudai malipo ya uopoaji pale.

Mawakili, majaji, miaka, kurasa na kurasa. Yote ni kuhusu vyuma vya kung'aa. Wale 280 wametajwa kama sehemu ya hadithi tu.

Ya pili inaitwa Khedive Ismail. Hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Khedive Ismail ilikuwa na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa maafisa na askari wa kikosi cha 301 cha mizinga, East African Artillery. Maafisa walikuwa wazungu, lakini waliobeba makombora na kukokota mizinga walikuwa vijana wa huku kwetu, wa rika langu na lako. Walikuwa wanapelekwa upande wa mashariki kupigana na Wajapani, ile vita ambayo wazee wetu waliiita tu Bama. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani, I-27, ikairushia topido mbili. Meli ilizama kwa takriban dakika mbili. Dakika mbili ni muda wa kungoja ujumbe wa M-Pesa ukichelewa. Wakafa watu 1,297. Wakaokoka wanaume 208 na wanawake sita.

Na kuna sehemu mbaya zaidi. Ile nyambizi ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea waliookoka. Manowari mbili za Waingereza zikalazimika kuchagua, kuwaokoa watu ama kuua nyambizi kabla haijapiga meli nyingine za msafara. Zikadondosha mabomu ya chini ya maji huku watu wakiwa bado majini. Nyambizi ilizamishwa hatimaye. Sitaki kujifanya jaji wa nahodha aliyekuwa na dakika chache za kuamua. Lakini nauliza, hii kitu ilipita wapi kwenye silabasi? Tumesoma Titanic hadi tunajua mlango ulivyokuwa mdogo.

Kuna abiria mmoja wa Khedive Ismail ambaye ukimtafuta kwa simu sasa hivi utampata kwa sekunde. Kenneth Gandar-Dower, Mwingereza, mwandishi wa habari za vita. Utajua alicheza tenisi. Utajua aliwahi kuwasafirisha duma kutoka Kenya hadi Uingereza na kuwashindanisha kwenye uwanja wa mbwa. Duma! Alikufa na wengine siku hiyo, na simlaumu kwa kukumbukwa. Ila jaribu sasa kumtafuta msee mmoja wa Kitui, wa Kisumu ama wa Kakamega aliyekuwa sitaha ya chini. Utapata "996".

Nyanya yangu anaishi Kibwezi. Kila tukienda Desemba kuna jina analitaja akiwa anachambua kunde, la mjomba wake aliyepanda gari la moshi kwenda Mombasa akiwa na kaptula mpya ya jeshi. Hakurudi. Walikuja watu na karatasi, na hakuna aliyeweza kuisoma. Pesa kidogo zilitumwa, kisha zikakatika. Mama yake alikataa kumlilia mpaka akafa mwenyewe, kwa sababu utamlilia vipi mtu ambaye hujaambiwa yuko wapi? Sisemi alikuwa kwenye Khedive Ismail. Huenda alifia Bama kwenyewe, ama Madagaska, ama kwa malaria njiani. Hoja yangu ni kwamba familia yetu haina namna ya kusema ndiyo ama hapana, na tuko wengi hivyo.

Sasa turudi kwa serikali na sera.

Kuna kambi mbili kubwa. Moja inasema meli ya vita iliyozama na watu ni kaburi, iachwe. Uingereza ina sheria ya mwaka wa 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi. Kuna meli ambazo unaruhusiwa kuziangalia bila kugusa, na nyingine huwezi hata kuzamia bila leseni. Ndege za kijeshi zinalindwa moja kwa moja, lakini meli lazima itajwe kwa jina. Marekani nayo ina sheria ya 2004 inayosema meli ya jeshi lake hubaki mali yake hata ikikaa majini miaka mingapi, popote ilipo. UNESCO ina mkataba wa 2001 unaosema chaguo la kwanza ni kuacha vitu palepale vilipo. Uingereza na Marekani hazijajiunga na huo mkataba. Na huo mkataba unahesabu vitu vilivyokaa chini ya maji miaka 100, kwa hivyo Khedive Ismail itafuzu 2044. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 ina moyo zaidi kwa kuhesabu miaka 50, ila haifiki Maldives.

Kambi ya pili inasema toa. Wengine wanataka kutoa mali, wengine wanataka kutoa watu wakazikwe. Hapa ndipo unafiki unapoanza kunuka. Mwaka wa 1981 serikali ya Uingereza iliruhusu dhahabu itolewe kwenye HMS Edinburgh, manowari iliyozama 1942 na maiti ndani yake. Zilitoka mbao 431 za dhahabu kati ya 465. Mwaka wa 2012 na 2013 kampuni ya Odyssey, kwa mkataba na serikali hiyo hiyo, ilitoa takriban tani 110 za silva kwenye Gairsoppa, iliyolala karibu kilomita tano chini. Kampuni ikabaki na asilimia 80. Kwa hivyo kaburi ni takatifu, ila likiwa na dhahabu utakatifu unaweza kujadiliwa mezani. Nadhani hata wewe umewahi kuhudhuria matanga ambapo watu walikuwa wanaliangalia shamba kuliko jeneza.

Lakini Gairsoppa ilinifundisha kitu kingine. Pamoja na silva zilitoka mamia ya barua, karatasi zilizokaa chini ya bahari miaka 70 bila kuoza kwa sababu hewa haikuzifikia. Zilikuwa barua za watu wa kawaida kwenda kwa mama zao na wapenzi wao. Zilikaushwa, zikasomwa, zikawekwa kwenye maonyesho. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikanyamaza kidogo.

Kwa hivyo mimi niko kambi gani? Nilianza nikiwa ya pili, nakubali. Nilitaka watolewe. Nilikumbuka Likoni, Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na mtoto wake ndani. Kenya nzima ilikaa siku 13 ikihesabu. Tulitukana serikali kila saa. Gari lilipotolewa mita 58 chini, hakuna aliyesema "lakini ni ghali." Tulitaka wazikwe, basi. Sisi ni watu wa kuzika. Tunachangishana hadi senti ya mwisho kumtoa mtu Dubai ama Minnesota akalale kwao. Sasa mbona hawa waachwe?

Kilichonibadilisha ni mambo mawili. La kwanza ni kile kilichotokea bahari ya Java. Mwaka wa 2016 wapiga mbizi walikwenda kuangalia manowari za Uholanzi zilizozama 1942, wakakuta De Ruyter na Java hazipo kabisa. Hazipo! Wezi wa vyuma walikuwa wamekata na kubeba meli nzima, na mifupa ya watu ikaenda na chuma. Meli za Uingereza za eneo hilo zilipatikana zimeibwa vilevile. Sisi tunawajua hao watu. Januari 2022 serikali yetu ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu baada ya minara ya stima kuangushwa. Mtu anayeweza kukata mnara unaoipa stima nyumba ya mama yake hatasita kwa sababu ya kaburi. Ukishafungua mlango wa "tutoe tu," hujui ni nani atapitia hapo.

La pili ni miaka. Gari la Likoni lilikaa siku 13. Watu waliozama kwenye maji ya chumvi mwaka wa 1944, kwenye kina kirefu cha bahari, hakuna cha kuleta Kibwezi. Ni ngumu kuandika hivi, lakini nikimwambia nyanya atanielewa haraka kuliko mtu wa Twitter. Wamarekani wenyewe waligawanya mambo pale Pearl Harbor. USS Arizona waliiacha, na zaidi ya mabaharia 900 wako ndani mpaka leo. USS Oklahoma waliiibua vita vikiwa bado vinaendelea, wakazika watu bila majina, kisha 2015 wakaanza kufukua na kupima DNA hadi zaidi ya 350 wakapata majina yao. Waliweza kwa sababu meli ilikuwa bandarini, si katikati ya bahari kuu.

Na usidhani kuacha ni kukaa bila kufanya kitu. HMS Royal Oak ilizama Scotland 1939 na watu zaidi ya 800, ni kaburi rasmi, lakini ilikuwa inavuja mafuta. Wanamaji wa Uingereza waliitoboa kwa ustadi wakafyonza mafuta, wakawaacha wenyewe walale. Kwa hivyo pesa ya kuhudumia kaburi la chini ya maji huwa inapatikana. Inategemea kaburi ni la nani.

Msimamo wangu basi ni huu: Khedive Ismail isiguswe. Asiguse mtu, hata kama kesho itasemekana kuna dhahabu. Lakini serikali ya Kenya, na za Uganda na Tanzania kama zinasikia, zijitokeze rasmi kusema kile ni kaburi la watu wetu, na ziambie London hivyo kwa maandishi. Mpaka sasa mazungumzo ya mabaki ya kijeshi yanaendeshwa kama vile mwenye meli ndiye mwenye wafu. Chuma ni chao, sawa. Watoto walikuwa wetu.

Halafu majina. Hapa sikubali hadithi ya "ni zamani." Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti yake yenyewe na kukiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza, kati ya watu 45,000 na 54,000, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walikumbukwa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina ama hawakukumbukwa hata kidogo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waliomba msamaha. Zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue unazozipita ukikimbilia mathree ni za hao watu. Angalia vizuri siku moja, hakuna jina la mtu hapo. Soko la Kariokor limebeba jina la kikosi cha wapagazi, na watu wanadhani ni neno la nyama choma.

Vita vya Pili viliandikwa vizuri kidogo. Walioangamia kwenye Khedive Ismail wako kwenye ukuta wa kumbukumbu kule Nairobi War Cemetery, Ngong Road. Nilienda mwezi uliopita. Askari wa langoni alinishangaa, akaniuliza kama nimekuja kupiga picha za harusi. Nyasi zimekatwa kuliko za bustani yoyote ya kaunti, maua yamepangwa, kimya. Nilisimama mbele ya majina nikiwa na jina moja kichwani, lile la nyanya. Nilipata matatu yanayofanana nalo. Matatu! Jina la pili simjui, namba ya jeshi sina, na karani wa enzi hizo aliandika alivyosikia.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya serikali ambayo haihitaji nyambizi wala roboti. Chukua orodha ya kikosi cha 301. Itoe kwenye ukuta wa Nairobi na kumbukumbu za London, iweke kwa tovuti kwa Kiswahili, na kama kumbukumbu zina kijiji cha mtu, kiandikwe. Zisomwe redioni, Musyi, Ramogi, Mulembe, kwa lugha za mama, jioni wazee wanaposikiliza. Weka jiwe pale Kilindini walikopandia meli, kwa sababu mwenye jamaa wa Mariakani hatalipa nauli kuja Ngong Road. Ukilinganisha na gharama ya gari moja la mheshimiwa hii ni pesa ya chai. Na ifanywe sasa, si 2044, kwa sababu wanaoyajua majina ya nyumbani ni kina nyanya, na wewe unajua umri wa nyanya yako.

Mtu ataniambia vijana hawana kazi na mimi nalia kuhusu meli. Buda, mimi ndiye huyo kijana asiye na kazi. Hao wa 301 pia walikuwa vijana waliotafuta mshahara, na serikali ilipowahitaji ilijua kuwapata mpaka kijijini. Ikishindwa kuwapata sasa, hilo linanihusu mimi moja kwa moja.

Jumamosi narudi Ngong Road. Safari hii naenda na binamu yangu, ambaye amemrekodi nyanya akilitamka lile jina polepole, mara tatu, pamoja na jina la babake mtu huyo. Tutaanza na yale matatu.